Ukumbusho wa Mtoto: Jadotville, Vita na Ndege katika Maandishi ya Katanga

Utangulizi

Nchini Uingereza, kumbukumbu za watu waliokuwa watoto wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zimekuwa karibu utanzu unaojitegemea. Mtoto wa mji mdogo wa Lincolnshire au wa Norfolk, anayehesabu ndege za kivita zikiruka jioni na kuzihesabu tena zikirejea, ni mhusika ambaye wasomaji wa huko wanamfahamu kama wasomaji wa hadithi zetu wanavyomfahamu sungura. Kati ya mwaka 2003 na 2006 shirika la BBC lilikusanya simulizi zipatazo 47,000 za vita hivyo, na sehemu isiyo ndogo ilitolewa na watu ambao mwaka 1940 walikuwa bado shuleni. Thamani ya simulizi hizo haiko katika habari za majemadari. Iko katika mambo madogo: mgao wa sukari, mwalimu aliyeitwa jeshini akaacha darasa bila mtu, uwanja wa ndege uliochimbwa katika shamba la jirani.

Likasi, ambayo hadi mwaka 1966 iliitwa Jadotville, nayo ilikuwa na viwanda vyake, vita vyake na ndege zake. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga waligoma hapa na Elisabethville, wakapigwa risasi. Urani iliyotumiwa kutengeneza bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, mwendo mfupi kutoka mjini. Septemba 1961 ndege ya kivita ya serikali ya Katanga iliyojitenga ilishambulia askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wamepiga kambi pembezoni mwa mji, na tarehe 3 Januari 1963 jeshi la Umoja wa Mataifa, likiongozwa na Wahindi, liliingia mjini baada ya kuvuka mto Lufira. Mtoto aliyezaliwa Panda au Shituru mwaka 1950 alikuwa ameona mengi kabla ya kutimiza miaka kumi na mitatu.

Makala haya yanahoji ni nani aliyeandika utoto huo, kwa lugha gani, na kwa ajili ya msomaji gani. Kazi zitakazojadiliwa ni chache na ni za aina mbalimbali: wasifu wa V. Y. Mudimbe uitwao Les corps glorieux des mots et des êtres (1994), Vocabulaire ya mji wa Elisabethville iliyotungwa na André Yav mwaka 1965, mfululizo wa picha za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, na hatimaye filamu ya mwaka 2016 juu ya mapigano ya Jadotville. Kuziweka kazi hizi katika mizani moja kunaweza kuonekana kama kuchanganya mchele na dengu. Hata hivyo, zote zinadai kuhifadhi mji uleule au jirani yake, na kipimo kitakachotumiwa kimetoka katika Kiswahili cha Katanga chenyewe.

Kumbukumbu na ukumbusho

Kitenzi kumbuka kinazaa nomino mbili ambazo mara nyingi hutumiwa kama visawe. Ya kwanza ni kumbukumbu, yaani kile ambacho mtu amekiweka moyoni au ofisi imekiweka katika faili. Ya pili ni ukumbusho, ambayo haitokani na kumbuka moja kwa moja bali na kumbusha, umbo la kusababisha. Tofauti si ya kimofolojia tu. Mwenye kumbukumbu anaweza kukaa nayo peke yake hadi kaburini. Ukumbusho haukamiliki mpaka apatikane mtu wa pili: yule anayekumbushwa.

Wanunuzi na wachoraji wa picha katika miji ya Katanga walilitumia neno hili kama istilahi, kwa uangalifu ambao wahakiki wa fasihi wangeweza kuuonea wivu. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochunguza uchoraji huo katika miaka ya 1970 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1976, walionyesha kwamba picha ziliainishwa kufuatana na kile zinachokumbusha: mambo ya mababu, mambo ya ukoloni, mambo ya wakati wa sasa. Picha iliyojulikana kwa jina la Colonie belge, ambamo mfungwa anachapwa viboko mbele ya gereza huku afisa Mzungu akitazama, ilitundikwa sebuleni katika nyumba za wafanyakazi, juu ya viti ambavyo wageni walikaribishwa kukalia. Hakuna aliyeinunua kwa sababu ilipendeza. Ilinunuliwa kwa sababu inakumbusha, na mgeni aliyeketi chini yake alianza kusimulia bila kuombwa.

Hivyo basi, kipimo cha ukumbusho kinauliza swali ambalo neno la Kifaransa souvenir haliulizi: kazi hii inamkumbusha nani? Kazi inaweza kuwa na kumbukumbu nyingi, tena zilizopangwa kwa ustadi, na bado ikapungukiwa na ukumbusho.

Bustani ya Mudimbe

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Jadotville tarehe 8 Desemba 1941, akafariki Marekani mwezi wa Aprili 2025. Kati ya tarehe hizo mbili kuna seminari na monasteri ya Wabenediktini, Chuo Kikuu cha Louvain, miaka ya kufundisha Lubumbashi, uhamisho, na vitabu vilivyobadilisha namna Afrika inavyosomwa vyuoni, hasa The Invention of Africa cha mwaka 1988. Kwa wasomi wa Likasi yeye ni fahari, na ni haki yao kuona fahari. Lakini fahari ni msomaji mvivu, nayo imechangia kuufanya wasifu wake kutajwa sana kuliko unavyosomwa.

Les corps glorieux ulichapishwa Montréal na Paris. Kichwa chake kinatoka katika teolojia ya ufufuko: miili ya utukufu ni miili iliyofufuka. Kichwa kidogo kinaeleza kwamba ni mchoro wa bustani ya Kiafrika kwa namna ya Kibenediktini. Msomaji anayefungua kitabu akitarajia mtaa atakutana na bustani, na bustani hiyo ina mistari iliyonyooka. Mtoto yumo, nyumba imo, lugha nyingi za nyumbani zimo, lakini mtoto haachwi peke yake hata kidogo. Kila anapotembea hatua chache, mwanafalsafa wa miaka hamsini anamfikia, anamshika mkono na kumweleza maana ya alichokiona. Mara kwa mara maelezo ni ya ajabu kwa kina chake. Mara nyingine yanamnyima mtoto nafasi ya kushangaa.

Lawama hii isichukuliwe kuwa kosa la ufundi. Mudimbe anajua anachokifanya. Hoja yake kubwa, katika wasifu huu kama katika vitabu vyake vya nadharia, ni kwamba ukoloni wa Katanga ulikuwa mradi wa kupanga upya nafasi, muda na mwili, na kwamba mtoto aliyechukuliwa seminarini angali mdogo alikuwa udongo wa mradi huo. Wabenediktini waliotoka abasia ya Saint-André huko Bruges, wakiongozwa kwa miongo kadhaa na Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, walishikilia shule za kambi za kampuni. Kengele ya sala na king'ora cha kiwanda viliigawa siku ileile. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kukumbuka bila kupanga, na kitabu chake kinapojipanga kama bustani kinatoa ushahidi dhidi ya mtunza bustani. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi hii, na wanafunzi wanaoiona kama maandishi ya mtu aliyesahau kwao hawajaisoma vizuri.

Hata hivyo, kuna gharama. Tarehe 8 Desemba katika kalenda ya Kanisa ni sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Siku iliyofuata kuzaliwa kwa Mudimbe, yaani tarehe 9 Desemba 1941, askari walifyatua risasi dhidi ya wagomaji waliokusanyika katika kiwanja cha mpira Elisabethville, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, msemaji wao. Siku chache kabla ya hapo damu ilikwisha kumwagika Jadotville kwenyewe. Mtoto huyu basi alizaliwa kati ya kalenda mbili: ya Kanisa na ya kambi. Uzito wa wasifu, tangu jalada, umewekwa katika ya kwanza. Kalenda ya pili, ambayo akina mama wa Panda waliihesabu kwa waume wasiorudi, ndiyo ambayo mtoto angeisikia ikitajwa kwa sauti ya chini jikoni, na kwa Kiswahili.

Hapa suala la lugha haliepukiki. Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaa na ya uwanja wa mchezo katika miji ya kampuni, kwa sababu sera ya Union Minière ya kuweka wafanyakazi pamoja na familia zao, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920, ilileta watu wa lugha nyingi katika safu moja ya nyumba. Watoto wao ndio waliokifanya Kiswahili kuwa lugha mama mahali ambapo wazazi walikitumia kazini tu. Les corps glorieux unasimulia utoto huo kwa Kifaransa cha hali ya juu kabisa. Neno la mtaani likitafsiriwa katika Kifaransa cha namna hiyo, linapata heshima na kupoteza harufu. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, aliyeandika riwaya zake za baadaye kwa Kigikuyu, alisimulia utoto wake wa Limuru kwa Kiingereza katika Dreams in a Time of War (2010), kwa hiyo Mudimbe hayuko peke yake. Lakini Ngũgĩ anaiacha vita iingie nyumbani kwa miguu ya ndugu aliyevaa sare ya jeshi la Mfalme, na mtoto anaitazama sare kabla hajaielewa. Katika jambo hili moja Ngũgĩ anamzidi Mudimbe.

Wasifu huu una maana nyingine kwa msomaji wa Likasi, ambayo msomaji wa Montréal hawezi kuiona kwa urahisi. Kuanzia mwaka 1992 maelfu ya wakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na mwaka uliofuata zamu ikawa ya Kolwezi. Familia zililala stesheni na katika majengo ya shule wiki baada ya wiki zikisubiri treni, na wengi walifia hapo au njiani. Waliitwa bilulu, wadudu. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Likasi, na baadhi wazazi wao pia. Miaka miwili baadaye kikatoka kitabu cha mwana wa Likasi mwenye asili ya Kiluba na Kisongye, kinachosema bila kelele kwamba utoto wake ulikuwa hapa. Hakuna haja ya kudai kwamba kiliandikwa ili kujibu ufukuzaji huo. Inatosha kuona kwamba kumbukumbu ya utoto katika mji huu si jambo la kujiburudisha uzeeni. Kusema 'nilicheza pale' ni kudai haki ya kuwepo. Kama kitabu kingekuwa kwa lugha ya stesheni ile, ukumbusho wake ungekuwa mzito zaidi ya nakala zake chache zilizofika Katanga.

Boi na mtoto

Vocabulaire ya André Yav ni kazi ya namna nyingine kabisa. Iliandikwa mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, ikapigwa chapa kwa mashine na kuzungushwa mkononi. Ulimwengu wa taaluma uliifahamu zaidi baada ya Fabian kuichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, akisaidiwa na Kalundi Mango na Walter Schicho. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga kilichoandikwa na mtu ambaye hakufundishwa kukiandika: maneno yamekatwa mahali pasipotarajiwa, nukta zinatembea ovyo, na majina ya Kifaransa yameandikwa yanavyosikika. Ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo maana ifunguke. Kwa mwanaisimu hilo si upungufu hata kidogo. Ni maandishi yanayodai sikio.

Kwa kipimo cha ukumbusho kazi hii inafaulu bila shida. Yav anajua anamkumbusha nani: wenzake, na wanao. Anataja mitaa, mabwana na majina ya utani waliyopewa, vita vya 1914 na vya 1940, na hofu ya batumbula, wale waliosemekana kuwanasa Waafrika usiku ili wageuzwe chakula cha Wazungu. Hofu hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa zaidi. Katika miji yote ya Katanga ilikuwa ndiyo mpaka wa jioni kwa watoto; jina la mtumbula lilitosha kuwaingiza ndani kabla ya giza. Wanahistoria wameichambua kama usemi wa watu wazima juu ya kazi, mwili na mamlaka, na uchambuzi huo una mashiko. Lakini sauti ya aliyejificha chini ya kitanda haijasikika katika uchambuzi wowote, wala katika maandishi ya Yav.

Kwa nini mtoto hana nafasi kubwa katika Vocabulaire? Sababu moja imo katika neno lenyewe linalowaunganisha waandishi wake. Boi, kama linavyojulikana, lilitoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto wa kiume. Mtu wa miaka hamsini, mwenye wajukuu, aliitwa mtoto kila asubuhi na mwanamke wa Kizungu aliyekuwa na umri wa binti yake. Kazi nzima ya Yav ni jitihada ya kutoka katika jina hilo, kuonyesha kwamba hao waliokuwa maboi ndio walioujua mji na kuujenga. Mtu anayepigana kuthibitisha utu uzima wake hana wakati wa kusimulia alivyocheza. Katika mji ambao cheo cha mtoto kilipewa watu wazima, mtoto halisi alikosa pa kukaa katika masimulizi. Hoja hii haionekani kutiliwa maanani na wahariri wa kazi hiyo, ambao walishughulikia zaidi uhusiano wa simulizi na maandishi.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, anasaidia kujaza pengo hilo kwa njia ya mzunguko. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja, akazieleza kwa mazungumzo na Fabian. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 kwa jina la Remembering the Present. Mojawapo ya picha hizo inaonyesha mauaji ya wagomaji wa 1941. Mchoraji hakuwa amezaliwa. Kile alichokichora ni kile alichosikia akiwa mtoto, na mkusanyiko wa miili, askari na majengo ya kampuni umepangwa kama mtoto anavyopanga habari aliyosimuliwa: mkubwa yuko mbele, kifo kiko wazi, bango linasema ni wapi. Wahakiki kadhaa wameiita sanaa yake ya kitoto, wakikusudia kuidharau. Pengine wamesema ukweli kuliko walivyokusudia. Katika picha za miaka ya 1960 hadi 1963, wakati Tshibumba alipokuwa kijana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na sita, hakuna haja tena ya kusimuliwa. Historia na utoto wake vimekutana, na hapo ndipo mfululizo una joto.

Jambo moja linapunguza furaha ya msomaji. Picha hizi zilichorwa kwa ajili ya mteja aliyekuwa profesa mgeni, na zikatoka Katanga pamoja naye. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na alikuwa na haki hiyo. Lakini darasa lake lilihamishwa ng'ambo. Mtoto wa Likasi anayetaka kuona mauaji ya 1941 yalivyochorwa na mwenyeji inambidi apate kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa Marekani.

Ndege ya Septemba 1961

Tunafika sasa angani. Jamhuri ya Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960 ilianza kwa suala la uwanja wa ndege: siku iliyofuata ndege iliyowachukua Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba ilinyimwa ruhusa ya kutua Elisabethville. Miezi sita baadaye, tarehe 17 Januari 1961, Lumumba alishushwa katika uwanja huohuo akiwa amefungwa, akauawa usiku ule. Kamina kulikuwa na kituo kikubwa cha kijeshi kilichojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Kolwezi kulikuwa na uwanja ambako ndege aina ya Fouga Magister iliruka kwenda kushambulia. Kwa hiyo vita vya Katanga vilikuwa vita vya viwanja vya ndege kabla ya kuwa vya kitu kingine.

Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961 kikosi cha Waayalandi wapatao mia moja na hamsini na wachache, chini ya Meja Pat Quinlan, kilizingirwa Jadotville na askari wa Katanga na mamluki. Fouga ilikuja, ikatupa mabomu, ikapiga risasi, ikaondoka, ikarudi. Waayalandi waliishiwa maji na risasi, wakajisalimisha bila kufiwa na hata mtu mmoja, wakaachiliwa mwezi wa Oktoba. Kwa miongo kadhaa waliishi na aibu ya kujisalimisha. Heshima walirudishiwa katika karne hii, kikosi chao kikitunukiwa na serikali ya Ireland mwaka 2016 na nishani maalumu kutolewa mwaka 2017. Kitabu cha Declan Power cha mwaka 2005 kilichangia sana, na filamu ya The Siege of Jadotville iliyoongozwa na Richie Smyth ikakamilisha kazi hiyo.

Filamu hiyo ni ukumbusho wa kweli, na haifai kudharauliwa. Inamkumbusha Mwayalandi deni alilokuwa nalo kwa wazee wake. Ila katika kutimiza kazi hiyo imeufanya mji kuwa mandhari. Ilipigwa Afrika Kusini, na hata kama ingepigwa Likasi tofauti isingekuwa kubwa, kwa sababu hadithi haina haja ya mji. Hakuna nyumba ya Kikula, hakuna soko, hakuna mama anayewakusanya wanawe sauti ya ndege inapotoka upande wa magharibi. Wanaoshambulia wanaanguka kwa wingi bila majina, nao walikuwa na watoto mahali fulani. Mtazamaji anatoka akijua jina la karibu kila Mwayalandi na asijue kama Jadotville ilikuwa na watu.

Upungufu huo haukuanza na filamu. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba, wakati Quinlan na watu wake walipokuwa wametiwa mbaroni, ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka. Waafrika waliokuwa msituni wakichoma makaa walisema waliona zaidi ya ndege moja angani. Tume iliyoundwa na serikali ya kikoloni ya Rhodesia ikautupilia mbali ushahidi wao. Ilichukua nusu karne, hadi kitabu cha Susan Williams cha mwaka 2011 na uchunguzi mpya wa Umoja wa Mataifa uliokabidhiwa mwaka 2015 kwa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa zamani wa Tanzania, ndipo macho ya wachoma makaa yakahesabiwa kuwa macho. Ikiwa mtu mzima aliyeapishwa hakusadikiwa kwa alichokiona angani, ni nani angemhoji mtoto wa Jadotville aliyeiona Fouga wiki hiyohiyo?

Mudimbe angeweza kuhojiwa na kalamu yake mwenyewe, lakini wakati wa mapigano alikuwa ni kijana wa karibu miaka ishirini ambaye maisha ya kimonasteri yalikwisha kumtoa mjini muda mrefu. Alipokuja kuandika riwaya juu ya vita vya Katanga, yaani Shaba deux ya mwaka 1989 inayohusu Kolwezi ya 1978, alichagua shajara ya mtawa. Bustani tena, na ukuta wake.

Kwa upande mwingine, wanahistoria wa Lubumbashi wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika Bana Shaba abandonnés par leur père (2001), alisikiliza familia za wafanyakazi na kuonyesha jinsi kampuni ilivyojifanya baba, kisha baba huyo akawatupa wanawe Gécamines ilipoporomoka. Bana wa kichwa hicho ni watoto kwa maana ya ukoo na ya sitiari. Ni hatua kubwa. Hata hivyo historia ya jamii hutafuta mwenendo wa wengi, ilhali kumbukumbu ya utoto hushika kitu kimoja na kukataa kukiachia: rangi ya mkebe, jina la mbwa, upande ambao sauti ilitokea.

Ndege au ndeke?

Mtu aliyekuwa na miaka minane mwaka 1961 amepita sasa miaka sabini. Wako bado Likasi, wako Lubumbashi, na wako Mbujimayi walikopelekwa na treni za 1992. Idara za Kiswahili zinazotuma wanafunzi kila mwaka kukusanya methali na nyimbo za harusi zingeweza kuwatuma kwa wazee hawa wakiwa na kinasa sauti na swali moja tu juu ya ndege. Kazi kama hiyo italeta tatizo la kihariri ambalo ni afadhali litatuliwe kabla ya kuanza, kwa sababu mkusanyaji aliyefunzwa Kiswahili sanifu ana mkono mwepesi wa kusahihisha.

Mfano mdogo unatosha. Katika Kiswahili cha Katanga chombo kile huitwa ndeke. Mzee akisema alikuwa katoto, akaona ndeke, mwanafunzi mwenye bidii ataandika kwamba alikuwa mtoto mdogo akaona ndege. Maana haikupotea, mtu atasema. Lakini ka- ya katoto inampima mzee dhidi ya anga kwa namna ambayo kivumishi 'mdogo' hakiwezi, na ndeke kwa sauti ya k ni jina ambalo watoto wa Panda walilipiga kelele wakikimbia, wakati ndege ya kamusi haikuwahi kuruka juu ya Jadotville. Yav, ambaye hakuna aliyemsahihisha mwaka 1965, aliachwa aandike kama alivyosema. Fabian naye alipomchapisha aliweka maandishi ya asili upande mmoja na namna yalivyosomwa kwa sauti upande wa pili, akamwachia msomaji taabu ya kulinganisha. Utaratibu huo unagharimu karatasi maradufu, na hapa ndipo kamati za uhariri hukataa. Kwa kanda za wazee wa 1961, kurasa hizo za ziada ndizo za kupigania kwanza, kabla hata ya tafsiri ya Kifaransa.